Dadu au Kauli ya Mwendeshaji: Lini Urushe, Lini Uamue Mwenyewe

Ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Mchezaji anasema, "Naangalia chini ya godoro." Mwendeshaji, yule anayesimulia kisa na kuwa mwamuzi, kwa mazoea tu anajibu, "Rusha dadu." Dadu ya pande 20 inaangukia 3. "Huoni kitu." Kimya. Kila aliyekaa mezani sasa anajua kwamba chini ya godoro kuna kitu, maana kusingekuwa na kitu dadu isingeitwa. Mchezaji wa pili anadakia, "Basi na mimi naangalia." Wa tatu naye hivyo hivyo, mpaka mmoja wao apate 17 na ufunguo utoke. Dakika tano zimeliwa bila lolote kuamuliwa, kwa sababu ufunguo huo ulikuwa lazima upatikane; bila huo safari nzima ingekwamia chumbani.

Dadu iliulizwa swali lisilo lake. Anayeendesha michezo ya mezani ya kuigiza wahusika anahitaji kujua ni maswali gani ya dadu na yapi ni yake mwenyewe, na kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo: hukumu yako inafanya kazi kabla ya dadu kurushwa. Wewe ndiye unayeamua kama kuna haja ya kurusha, ugumu ni namba gani (yaani namba ambayo dadu, pamoja na nyongeza ya mhusika kwa uwezo na ujuzi wake, lazima iifikie), na kitatokea nini mtu akifaulu au akishindwa. Dadu ikishatulia mezani, kazi yako ni kueleza kilichotokea, basi. Ugomvi mwingi kati ya wachezaji na mwendeshaji huzuka pale mpangilio huo unapogeuzwa: dadu inarushwa kwanza, halafu mwendeshaji ndipo anaanza kufikiri.

Namba zilizotumika humu ni za Dungeons & Dragons toleo la 5, kanuni za mwaka 2014, kwa kuwa ndizo watu wengi walianza nazo. Hesabu zake zinahamishika kwa urahisi kwenye mchezo wowote wa dadu ya pande 20.

Ugomvi wa tangu zamani

Mvutano huu ni mkongwe kuliko michezo yenyewe. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa, wenye ramani, dadu na majedwali ya kukokotoa hasara. Ulipendwa, ila majedwali yalikuwa mazito na mchezo ulikwenda mwendo wa kobe. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akaja na mtindo huru: majedwali na dadu viwekwe kando, msimamizi mwenye uzoefu wa vita aseme mwenyewe nani kashinda. Mchezo ukawa mwepesi, lakini sasa kila kitu kiliegemea kwenye akili na uadilifu wa mtu mmoja.

Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilipotoka Marekani mwaka 1974, ilibeba vyote viwili, dadu na mwamuzi, na mvutano wake ukaja nao. Ipo pia michezo isiyotumia dadu hata moja. Amber Diceless, ya mwaka 1991, ni mfano unaojulikana. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba bila dadu hakuna mchezo, au kwamba mwendeshaji mzuri hahitaji dadu, mwambie yote mawili yameshajaribiwa na yote mawili yana watu wake.

Maswali matatu kabla ya kusema "rusha"

La kwanza: je, matokeo hayajulikani kweli? Mhusika mwenye ujuzi wa kufungua makufuli, ana vifaa vyake, ana saa nzima, na hakuna anayemsumbua. Kufuli linafunguka. Usimrushishe dadu. Toleo la 3 la mchezo huu, la mwaka 2000, lilikuwa na kanuni nzuri hapa: kama muda upo na kushindwa hakuna adhabu, hesabu kana kwamba mtu amepata 20, na kazi imemchukua muda mara ishirini. Unaweza kuitumia hata leo. Upande wa pili ni huo huo: anayetaka kumshawishi mfalme ampe ufalme wake hapewi dadu, kwa sababu hakuna namba itakayoleta jambo hilo. Ukimwacha arushe halafu apate 20, utakuwa umejitega mwenyewe.

Kuhusu hiyo 20, iko imani iliyoenea kwamba ikitokea ni ushindi wa moja kwa moja. Kwa kanuni za 2014 hiyo ni kweli kwenye mashambulizi tu. Kwenye majaribio ya ujuzi, 20 ni namba kama nyingine: unaongeza nyongeza yako, unalinganisha na ugumu. Meza nyingi huichezea kinyume, na si dhambi, mradi muwe mmekubaliana kabla.

La pili: kushindwa kutabadilisha chochote? Kama jibu ni "atajaribu tena", dadu haina kazi. Rudi kwenye godoro. Hapakuwa na mlinzi anayekuja, taa haikuwa inaishiwa mafuta, hakuna kilichokuwa kinasubiri. Katika hali hiyo sema tu, "Chini ya godoro unakuta ufunguo wa shaba, umefungwa kwenye kitambaa," mwendelee. Ukitaka dadu iwe na maana, weka bei: nyayo zinasikika koridoni. Sasa swali si kama ataupata ufunguo. Ni kama ataupata kabla mlango haujafunguliwa, na hilo dadu inaweza kulijibu.

La tatu ndilo wengi hulisahau: matokeo yote mawili, wewe mwenyewe unayaweza? Kama moyoni unajua kwamba mhusika akishindwa utatafuta namna ya kumwokoa, usirushe. Amua. Dadu ambayo jibu lake moja umeshalikataa haina tofauti na mtoto anayeulizwa anataka nini na huku chakula kimeshapakuliwa.

Kupanga ugumu

Kanuni zinatoa ngazi sita: 5 rahisi sana, 10 rahisi, 15 wastani, 20 ngumu, 25 ngumu sana, 30 karibu haiwezekani. Kwa vitendo, 10, 15 na 20 zinatosha kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Kinachowaponza waendeshaji wapya ni hilo neno "wastani". Wanaweka 15 kwenye kila kitu, halafu wanashangaa kwa nini mashujaa wao wanajikwaa kama walevi.

Angalia hesabu. Mhusika anayeanza, mwenye alama 16 za uwezo unaohusika (nguvu, wepesi na kadhalika), anapata nyongeza ya +3, na akiwa amefunzwa ujuzi huo anaongeza +2, jumla +5. Huyu anafaulu ugumu wa 10 kwa asilimia 80, wa 15 kwa asilimia 55, wa 20 kwa asilimia 30. Mwenzake asiye na nyongeza yoyote anafaulu 10 kwa asilimia 55, 15 kwa asilimia 30, na 20 kwa asilimia 5 tu. Yaani hiyo 15 ya "wastani" mtu wa kawaida anaikosa mara saba katika kumi. Jambo ambalo mtu asiye fundi angeliweza mara nyingi ni 10, au lisirushiwe kabisa.

Hali ikimsaidia au ikimkwaza mhusika, usihangaike na nyongeza ndogo ndogo za +1 na +2. Mpe arushe dadu mbili achukue kubwa, au achukue ndogo. Kwa mwenye +5 dhidi ya 15, ile asilimia 55 inapanda hadi karibu 80, au inashuka hadi karibu 30. Ila ujue kwamba msaada huu una nguvu katikati na ni dhaifu pembeni: anayehitaji 20 kamili anatoka asilimia 5 hadi karibu 10, na hapo hujamsaidia kitu.

Itaje bei kwa sauti

Hatua hii ndiyo inayotibu malalamiko mengi kuliko nyingine yoyote. Mhusika yuko juu ya paa, anakimbizwa, na mchezaji wake anasema anaruka kwenda paa la pili. Kanuni zinasema anayekimbia kwanza futi 10 anaruka umbali wa futi sawa na alama zake za Nguvu. Nguvu yake ni 16. Kama pengo ni futi 12, hakuna dadu, amevuka. Hilo si huruma yako, ni kanuni, na inashangaza ni waendeshaji wangapi wanaorushisha dadu mahali ambapo kitabu chenyewe hakijaomba. Lakini pengo ni futi 18.

"Naruka!"

"Ngoja kwanza. Ni futi 18, zinakuzidi mbili. Ugumu 15, ujuzi wa riadha. Ukipata 15 au zaidi, unatua kwa miguu yako. Ukipata 10 hadi 14, unadaka ukingo kwa mikono miwili na upanga unadondokea uchochoroni. Chini ya 10, unaanguka wewe. Ni futi 20 hadi chini, dadu mbili za pande 6 za madhara. Unaruka?"

"Duh. Mkuki wangu ninao? Naweza kuulaza kama daraja?"

Huko ndiko unakotaka afike. Kwa mwenye +5 ya riadha, mgawanyo ule ni asilimia 55, 25 na 20, na ameuona kabla ya kujitosa. Akiruka na kuanguka hatakulaumu, kwa kuwa alinunua tiketi akijua nauli. Akibadili mawazo, mruhusu. Mhusika wake yuko pale na macho yake, analiona pengo. Mchezaji analiona kupitia mdomo wako tu, na mara nyingi mtu akitaka kufanya jambo linaloonekana la kijinga, ni wewe ambaye hukueleza vizuri.

Angalia pia lile tabaka la katikati. Kuukosa ugumu kwa namba chache si lazima kuwe ukuta. Kufuli limefunguka ila kifaa kimevunjikia ndani. Mlinzi amekubali rushwa ila ameikariri sura yako. Michezo iliyofuata mkondo wa Apocalypse World, ya mwaka 2010, imelijenga hilo ndani ya kanuni: dadu mbili za pande 6 pamoja na nyongeza, 10 na zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 na chini mwendeshaji anachukua usukani. Kwa nyongeza ya +1 mgawanyo ni karibu asilimia 28, 44 na 28, maana yake jibu linalotoka mara nyingi zaidi ni "ndiyo, lakini". Huko mwendeshaji kwa kawaida hashiki dadu kabisa. Hukumu yake yote iko kwenye hiyo "lakini".

Kurusha mara nyingi kunapotosha hesabu

Wahusika wananyata kuingia ngomeni. Rusha langoni. Rusha uani. Rusha kwenye ngazi. Rusha mlangoni. Kila mara mnyataji ana asilimia 65, inaonekana nzuri. Kufika ndani bila kuonekana, hata hivyo, ni asilimia 65 ya asilimia 65 mara nne, yaani karibu 18. Umeshamkatalia bila kujua, na yeye anadhani ana bahati mbaya. Kwa upande mwingine, wachezaji watano wakitafuta kitu kimoja, kila mmoja na asilimia 40, uwezekano kwamba angalau mmoja atakiona ni asilimia 92. Hapo umeshakubali bila kujua.

Dawa ni kurusha mara moja kwa tendo zima, na jibu lisimame mpaka hali ibadilike kweli. Amenyata vizuri? Amenyata vizuri mpaka ndani, hadi atakapofanya kitu kipya, kwa mfano kuvunja dirisha. Kundi zima likinyata pamoja, tumia kanuni ya kundi: wote wanarusha, na nusu yao wakifaulu kundi limefaulu, wepesi wamewafunika wazito. Na kwa mambo ya kuona tu, usirushe kabisa: chukua 10 ongeza nyongeza ya mhusika ya utambuzi, linganisha na ugumu. Ziandike namba hizo za wahusika wote kwenye karatasi yako kabla ya kikao. Wanapopita karibu na mtego wa ugumu 14 na mmoja wao ana 15, unamwambia kimyakimya alichokiona, bila kuwashtua wengine kwa mlio wa dadu.

Maneno ya mdomoni

Mazungumzo ndiyo uwanja ambao meza nyingi hupigana. Upande mmoja unasema: nimezungumza vizuri, kwa nini dadu iharibu? Wa pili: mimi mdomo wangu mzito, lakini mhusika wangu ni mwanadiplomasia, kwa nini niadhibiwe?

Tenganisha kilichosemwa na kilivyosemwa. Kilichosemwa ni chako kuhukumu. Mchezaji akimwambia mlinzi kwamba tajiri wake ameshakimbia mji na mshahara wa mwezi huu haupo, na hilo ni kweli, na mlinzi ana sababu ya kuamini, huenda huhitaji dadu: anaondoka. Akitoa hoja inayogusa woga au tamaa ya mlinzi, ugumu ushuke kutoka 15 hadi 10. Akimtukania mama yake, upande hadi 20 au ufungwe kabisa. Kilivyosemwa, yaani ufasaha, madaha, sauti, hicho ni kazi ya nyongeza ya mhusika na dadu. Mchezaji mwenye haya akisema, "Namkumbusha kwamba ana watoto, na kwamba hapa hakuna anayemlipa," ametoa hoja ile ile na anastahili namba ile ile na yule aliyesimama akaigiza kwa machozi. Mpigie makofi mwigizaji, lakini usimpe alama za ziada.

Kosa la kiufundi hapa ni kurusha kabla ya maneno. Mchezaji anapata 4, halafu analazimika kuigiza hotuba mbovu kwa makusudi. Sikia hoja kwanza, panga ugumu, rusha, ndipo wewe uigize jibu la mlinzi.

Kuchakachua

Nyuma ya ile kadi ngumu inayoficha karatasi za mwendeshaji, dadu huchakachuliwa. Adui amepata 20, mhusika ana pointi tatu za uhai, na mwendeshaji anasema, "Amekukosa." Nia ni njema. Tatizo ni kwamba wachezaji si wajinga. Wakiona mara tatu kwamba kifo kinapita pembeni kila kinapokaribia, wanaacha kuogopa, na ushindi wao unakosa ladha kwa sababu hawajui ni upi walioupata na upi walipewa.

Kwenye mapigano rushia mezani, mbele ya wote. Ukiona pambano ulilolipanga limekuwa zito kuliko ulivyokusudia, bado una nafasi za kuamua ambazo si udanganyifu, kwa kuwa adui ana akili na akili yake ni wewe. Anaweza kuwataka wajisalimishe. Anaweza kukimbia akiumia nusu. Anaweza kumwacha aliyeanguka na kumgeukia anayesimama. Kanuni zenyewe zinaruhusu anayepiga kwa silaha ya mkononi kuchagua kumzimisha mtu badala ya kumuua pale pigo linapomfikisha sifuri, kwa hiyo kundi lililoshindwa linaweza kuamkia gerezani. Na kama kosa ni lako la wazi, umesoma vibaya madhara ya sumu tuseme, litangaze: "Nimekosea, ilikuwa dadu mbili, nimewapiga nne. Rudisheni tofauti." Watu husamehe kosa lililotangazwa upesi kuliko rehema iliyofichwa.

Urushaji wa siri una mahali pake padogo: pale ambapo mchezaji kuiona dadu kungempa habari ambayo mhusika hana, mfano kama ramani aliyoichora ni sahihi. Hata hapo, likishaamuliwa, limeamuliwa.

Usipokuwa na dadu ya pande 20

Dadu za ludo zinapatikana kila duka. Za pande 20 si kila mji. Programu ya simu inafanya kazi vizuri, ila simu mezani huleta ujumbe mezani. Njia ya mikono: andika 1 hadi 10 kwenye vikaratasi vilivyokunjwa sawa, tia kwenye kikombe. Rusha dadu ya ludo na uchomoe kikaratasi. Dadu ikiwa 1 hadi 3, soma namba kama ilivyo. Ikiwa 4 hadi 6, ongeza 10. Rudisha kikaratasi, tikisa. Uwezekano ni ule ule kamili wa dadu ya 20.

Usibadilishe kwa dadu tatu za ludo ukidhani ni sawa. Wastani wake ni 10.5 kama wa dadu ya 20, lakini namba hurundikana katikati. Kupata 16 na zaidi kwa dadu ya 20 ni asilimia 25. Kwa dadu tatu ni karibu 5. Kazi ngumu zitakuwa haziwezekani na rahisi zitakuwa za hakika, na ngazi zote za ugumu ulizozipanga zitakuwa zimesema uongo.

Daftari la maamuzi

Kila ulipoamua jambo ambalo kitabu hakikulisema, andika mstari mmoja: tarehe, hali, ugumu. "Kuzima mwenge kwa mshale, ugumu 15." Wiki tatu baadaye mchezaji mwingine atajaribu jambo hilo hilo, na ukimpa 20 bila sababu yule wa kwanza atakumbuka, na atadhani unapendelea. Mjadala wa kanuni katikati ya kikao upewe dakika mbili. Zikiisha, mwendeshaji anaamua kwa muda, mchezo unasonga, na kitabu kinafunguliwa baada ya kikao. Ikionekana ulikosea, sahihisha mstari daftarini na uusome kwa sauti kikao kijacho kabla ya dadu ya kwanza.